Kambi ya mtoni kutoka Lubumbashi: misonobari, miombo au mchanga wa ukingoni?

Mvua inapokatika mwezi wa tano, watu wa Lubumbashi wanaopenda kulala nje karibu na maji wanapata miezi kama mitano ya kufanya hivyo bila kuloa. Mahali pa kwenda ni pa aina tatu, na zote zinafikika kwa siku moja ya gari. Kwanza kuna misonobari ya Zambia, katika jimbo la Copperbelt: ukivuka mpaka wa Kasumbalesa, ukapita Chililabombwe na Chingola, kuelekea Kitwe, Kalulushi na Ndola utakuta mashamba makubwa ya miti hiyo, na kati yake vijito vinavyotiririka kwenda mto Kafue. Pili kuna miombo, pori letu la kila siku la Haut-Katanga, upande wa mto Lufira na matawi yake. Tatu ni mchanga wenyewe wa ukingoni, kwenye Lufira au kwenye Luapula upande wa Kasenga, pale mto unaposhuka na kuacha fungu jeupe.

Kwa uzuri wa macho misonobari inashinda, na ndiyo maana wengi wanaitaka. Sisi tunachagua kwa moto. Mtapika kwa nini, moto utawaka juu ya nini, na nani atauangalia usiku? Ukishajibu hayo, kunabaki mahali pamoja tu. Anayetaka kuota moto wa kuni mpaka usiku wa manane asiende kwenye misonobari mwezi wa nane. Aliye tayari kupika kwa gesi na kulala bila moto atapata huko usingizi mzuri kuliko kwingine kote. Familia yenye watoto na mbabula moja (jiko la makala, yaani mkaa) iende kwenye miombo. Mchanga tunawaachia watu wazima wanaoujua mto huo vizuri, au walioongozana na mvuvi wa hapo.

Ardhi utakayolalia

Misonobari ya Copperbelt ilipandwa na watu, kwa mistari. Iliyo mingi ni Pinus kesiya, ambayo asili yake ni Asia ya kusini-mashariki, pamoja na Pinus oocarpa ya Mexico na Amerika ya Kati. Nafasi kati ya mti na mti mara nyingi ni kama mita 3 kila upande. Hema la watu wawili, lenye upana wa mita 1.4 na urefu wa mita 2.1, linakaa vizuri katikati ya mistari. Hema la familia la mita 3 kwa 3 haliingii, maana kamba zake zinahitaji mita moja zaidi kila upande. Kwa hema kubwa tafuta sehemu iliyokwisha kupunguzwa miti, au ukingo wa barabara ya shamba ambapo malori hayapiti.

Ingiza mkono kwenye majani yaliyoanguka uone umbo la ardhi hiyo. Juu kuna sindano, yaani majani ya msonobari, za rangi ya kahawia, kavu, zinavunjika kwa sauti. Sentimita mbili tatu chini zimegeuka nyeusi, zina ubaridi, na nyuzi nyeupe za ukungu zimezishika pamoja. Chini zaidi, kwenye sentimita 5 hadi 10, ndipo unagusa udongo mwekundu. Kwa kulala, tabaka hilo ni zuri sana: laini, halina mawe, na linazuia baridi ya ardhi. Kwa vigingi ni baya. Kigingi kifupi cha sentimita 15 kinaishia ndani ya sindano, na upepo wa kwanza unakichomoa. Chukua vya sentimita 25 hadi 30, au kata vijiti vikavu vya unene wa kidole gumba, uvichonge ncha na kuvipigilia kwa kulaza kichwa nje, mbali na hema.

Kabla ya kutandika, angalia juu. Msonobari wa shamba hukauka matawi ya chini na kubaki nayo miaka, na tawi kavu linaanguka hata siku isiyo na upepo. Usiweke hema chini ya mti ulioinama, wala kwenye mpaka wa sehemu iliyokatwa juzi: miti iliyozoea kukingwa na wenzake, ikiachwa wazi, ndiyo inayong'oka kwanza. Utomvu utadondokea hema. Usiusugue na maji. Paka mafuta ya kupikia kidogo, subiri dakika kumi, futa kwa kitambaa, kisha osha kwa sabuni.

Kwenye miombo ardhi ni kinyume chake. Kufikia mwezi wa nane udongo umekuwa mgumu kiasi kwamba kigingi cha alumini kinapinda. Hapa unahitaji vigingi vya chuma, nondo ya milimita 8 iliyokatwa vipande vya sentimita 25, na nyundo ya kweli. Pale nyasi zilipoungua kuna vishina vifupi vilivyobaki, vikali, visivyoonekana usiku. Vinatoboa sakafu ya hema bila shida. Pitisha jembe kwanza, uvikwangue vyote, halafu tandika maboksi yaliyofunguliwa na turubai juu yake. Usiache boksi, kuni wala mkoba wa ngozi juu ya ardhi tupu usiku: mchwa wanaweza kuvila kabla hakujakucha. Vining'inize.

Mchanga ni rahisi kulalia na mgumu kufungia. Vigingi havishiki kabisa. Funga kila kamba kwenye mfuko uliojazwa mchanga, kilo 5 au zaidi, na uufukie sentimita 30.

Moto

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo.

Sindano za msonobari zina utomvu na zinalala zikiwa na hewa katikati, kwa hiyo cheche moja inatosha. Mwako unaoonekana si mbaya zaidi, kwa sababu mtu akiuona atauzima. Hatari zaidi ni moto unaoingia kwenye tabaka la chini. Unatambaa polepole bila mwali, unaweza kufuata mzizi mkavu, na unatokea mbali na jiko kesho yake, wakati wenye kambi wameshafika nyumbani. Miti hiyo ni mali ya watu na inachukua zaidi ya miaka ishirini kukomaa. Ndiyo sababu wasimamizi wanaacha njia pana za kuzuia moto kati ya vitalu, na ndiyo sababu wanakataa kuni. Wana haki kabisa.

Zaidi ya hayo, kuni za msonobari si nzuri kwa chungu. Zinawaka haraka, zinarusha cheche zinazotoboa hema la nailoni, na moshi wake unaacha masizi yanayonata ambayo majivu peke yake hayayatoi. Samaki aliyechomwa juu yake ana harufu ya dawa.

Kwa hiyo huko pika kwa gesi. Jiko dogo la kichwa kimoja hula kama gramu 150 hadi 200 kwa saa. Watu wanne wanaopika bukari (ugali), mboga na chai hutumia saa tatu hivi kwa siku, kwa hiyo siku mbili ni kilo moja na kidogo. Chupa ya kilo 3 inatosha na kubaki. Kwangua sindano zote mpaka udongo uonekane, duara la upana wa mita 2, weka bati au jiwe bapa katikati, jiko juu yake, na bidoni (dumu) ya lita 20 iliyojaa maji pembeni. Bidoni hiyo haipikiwi wala kunywewa. Inakaa hapo mpaka mwisho. Mbabula ya makala ni ya kuombea ruhusa kwanza. Ukiruhusiwa, kumbuka ina matundu chini na makala huvuja: iweke juu ya bati lenye udongo wa sentimita 5, ndani ya duara lilelile, na usiihamishe ikiwa inawaka.

Miombo ina kuni bora. Miti yake ni mizito, inawaka taratibu, inatoa makaa yanayokaa mpaka asubuhi, wala haitapiki cheche nyingi. Okota matawi yaliyokufa chini tu. Pori linalozunguka Lubumbashi limeshakatwa vya kutosha kwa makala ya mjini. Chimba shimo la sentimita 20, zungushia mafiga matatu, na ondoa nyasi zote mita 5 kuzunguka. Adui hapa ni nyasi, na nyasi zinaungua kila kiangazi. Moto wa mwezi wa tano na wa sita ni mdogo, unapita chini ya miti. Ule wa mwezi wa tisa na wa kumi unakuta kila kitu kimekauka, na mwali wake unapanda juu kuliko mtu. Kwa hiyo sehemu iliyokwisha kuungua mapema, ijapokuwa nyeusi na mbaya kwa macho na itawachafua watoto miguu, ni mahali salama zaidi pa kambi mwezi wa tisa. Nyasi zake zimekwisha kuungua. Moto ukija, hamieni kwenye sehemu iliyoungua au ng'ambo ya kijito. Msikimbie kupanda mlima, kwa sababu moto unapanda haraka kuliko mtu.

Mchanga hauungui, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Una mitego miwili. Mafiga yasiwe mawe yaliyotolewa majini: maji yaliyonasa ndani yanachemka na jiwe linapasuka kwa nguvu. Na makaa yasizimwe kwa kufukiwa. Mchanga unahifadhi joto kwa saa nyingi huku juu ukionekana kama kawaida, na mtoto anayepita peku anaungua nyayo zote mbili. Zima kwa maji.

Kuzima ni kulekule mahali pote: mwaga maji, koroga kwa kijiti mpaka chini, mwaga tena, kisha weka nyuma ya kiganja juu ya majivu. Ukihisi joto lolote, rudia.

Neno moja kuhusu mwezi wa sita na wa saba, maana baridi inawafanya watu wafanye jambo la hatari. Usiingize mbabula ndani ya hema, hata dakika tano, hata mlango ukiwa wazi. Makala yanayofuka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu aliyelala haamki. Ukitaka joto, chemsha maji, yatie kwenye chupa ngumu ya lita moja inayostahimili maji ya moto, ifunge sawasawa, ivalishe soksi na uilaze miguuni.

Maji ya kunywa, ya kuoga, na yanayopanda

Mto ulio mzuri kutazama si lazima uwe mto wa kunywa. Tuko katika nchi ya shaba pande zote mbili za mpaka. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi shaba wala kobalti. Kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke, madini yanazidi kukolea. Ndiyo maana hatunywi Kafubu baada ya kupita mjini, wala Lufira chini ya Likasi, hata yakichemshwa saa nzima. Upande wa Zambia hali ni ileile: mwezi wa pili mwaka 2025 bwawa la taka za mgodi lilibomoka upande wa Chambishi, tindikali ikaingia kijito cha Mwambashi na kufika Kafue, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya bomba. Kijito kinachotoka msituni, juu ya migodi na makazi yote, unaweza kukichuja kwa kitambaa na kukichemsha mpaka kitokote. Kama hujui kinatoka wapi, basi hukijui.

Njia rahisi ni kubeba. Hesabu lita 10 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika na kunawa. Watu wanne kwa siku mbili ni lita 80, bidoni nne za lita 20. Ongeza ile ya kuzimia moto. Hizo ni kilo mia moja za maji kwenye gari, kwa hiyo kambi ya mwendo mrefu wa miguu haifai kwa mitindo hii. Gari lifike karibu na hema, si zaidi ya mita 200.

Kuoga kuna kichocho. Konokono wanaobeba ugonjwa huo wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, yaani ile ghuba ndogo yenye kivuli ambayo kila mtu anaona inafaa kwa watoto. Saa mbaya zaidi ni za jua kali, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Kujikausha haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea. Chota maji, yaache kwenye bidoni iliyofunikwa siku mbili kamili, au yapashe moto mpaka nyuzi 50 kwa dakika tano, ndipo uoge. Kwa kambi ya siku mbili, kupasha moto ndiko kunakowezekana. Vijito vya misonobari vinavyoteremka kwa kasi juu ya mawe vina hatari ndogo kuliko ghuba za Lufira, lakini shamba likiwa na bwawa, bwawa hilo ni maji yaliyotulia kama mengine.

Sasa maji yanayopanda. Kwenye Lufira kuna mabwawa ya umeme, Mwadingusha la mwaka 1930 na Koni chini yake. Mahali palipo chini ya bwawa, mto unaweza kupanda usiku bila hata wingu moja angani, kwa sababu maji yamefunguliwa tu. Tafuta alama kabla ya kushusha mizigo: mstari wa majani makavu na vijiti vilivyonasa kwenye vichaka. Huo ndio urefu mto uliofika. Ukiwa juu ya kichwa chako, hapo si mahali pa kulala. Kwenye mchanga, choma kijiti kwenye ukingo wa maji jioni na ukiangalie kila baada ya saa mbili. Kikizamishwa kiganja kimoja, hamisheni kila kitu palepale, msingoje kuche.

Misonobari haina tatizo hili. Kwa kawaida wapandaji huacha ukanda wa nyasi na miti ya asili kando ya kijito, kwa hiyo kambi inakuwa juu, kwenye ardhi kavu, na maji unayasikia bila kuyaona. Wanaotaka kufungua hema na kukuta mto mbele ya miguu watasikitika kidogo.

Baridi na umande

Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba unashuka chini ya nyuzi 10. Bondeni ni baridi zaidi, maana hewa baridi ni nzito na inateremka kufuata mto. Kupanda mita 5 hadi 10 juu ya maji, kwenye bega la mteremko, kunabadilisha usiku mzima. Na hapa misonobari inastahili sifa: majani yake yako juu mwaka wote, yanazuia joto la ardhi lisiruke moja kwa moja angani, kwa hiyo umande ni mchache na hema linaamka karibu kavu. Kwenye miombo, mwezi wa nane miti mingi imepukutisha, anga iko wazi, na asubuhi turubai linadondosha maji. Kwenye mchanga ni baridi mara mbili, umande na ukungu wa mto, mpaka saa mbili asubuhi.

Blanketi mbili juu hazisaidii kama chini ni mkeka tu. Godoro la sifongo la sentimita 5, au maboksi matatu yaliyopangwa, ndilo linalozuia baridi. Kwenye misonobari boksi moja linatosha.

Wanaotembelea usiku

Mbu wapo kote, na malaria haina likizo ya kiangazi, kwa hiyo chandarua chenye dawa ni cha lazima hata kwa anayelala chini ya turubai. Ukielekea hifadhi za Kundelungu au Upemba ongeza mbung'o. Hawa wanavutwa na nguo za buluu na nyeusi, basi vaa kaki au kijani kilichofifia.

Kiboko na mamba ni wa Lufira, Luapula na Kafue, hasa sehemu pana zenye utulivu. Njia ya kiboko inajulikana: ni mifereji miwili sambamba yenye tuta dogo la nyasi katikati, ikitoka majini kwenda malishoni. Usiweke kitu juu yake, wala kati yake na maji. Hema liwe mita 50 kutoka ukingoni, na hiyo peke yake inafuta sehemu kubwa ya kambi za mchangani. Chota maji kwa ndoo yenye kamba ukiwa umesimama juu, na usichote mahali palepale saa ileile kila siku, kwa sababu mamba anajifunza mazoea ya watu. Mvuvi wa hapo atakuambia kwa dakika moja yale ambayo wewe huwezi kuyaona kwa wiki.

Msitu wa misonobari uko kimya. Wadudu ni wachache, ndege wachache, nyasi hakuna. Nyoka wapo, na wanapenda malundo ya matawi yaliyokatwa, basi usiketi juu yake. Kwa mtu anayeogopa wadudu, hiyo ni sababu tosha ya kwenda huko.

Hema au turubai

Turubai la mita 4 kwa 5 ni bei nafuu kuliko hema, na kwenye misonobari halina mshindani, kwa kuwa nguzo zimeshasimama. Funga kamba ya mita 10 kati ya miti miwili, kimo cha kifua, mita 1.4 hivi. Tandaza turubai juu yake, shusha nyuma mpaka sentimita 30 kutoka ardhini, mbele liache wazi. Mgongo uelekee kusini-mashariki, ndiko upepo wa kiangazi unakotoka. Weka kitambaa kati ya kamba na gome ili kamba isinate kwa utomvu.

Kwenye miombo miti haikai mahali unapoitaka, siafu wanaweza kupita, na chandarua peke yake kinaacha mwanya chini. Huko hema lenye sakafu iliyoshonwa ndilo bora, hasa kwa watoto. Mchangani vilevile.

Choo kinasahauliwa kwenye mipango mingi. Shimo la sentimita 20 hadi 30, hatua mia moja kutoka majini, na upande wa chini ya mahali mnapochotea. Miombo ya mwezi wa nane: mwaga lita mbili za maji ya kuoshea vyombo mahali hapo jioni, chimba asubuhi kwa jembe, bila hivyo utachimba nusu saa. Misonobari: toa sindano pembeni, chimba kwenye udongo, na usichome karatasi kwa hali yoyote ile.

Njia na ruhusa

Kasumbalesa iko kama kilomita 90 kutoka mjini, na foleni ya malori ndiyo inayoamua siku yako. Toka alfajiri. Beba pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, karatasi za gari, na bima ya gari inayotambuliwa Zambia. Badilisha kwacha za kutosha mafuta na chakula. Na dereva akumbushwe mara mbili: Zambia wanaendesha kushoto, na makosa hutokea kwenye mzunguko wa kwanza au unapotoka kituo cha mafuta barabara ikiwa tupu. Mashamba mengi ya misonobari ya Copperbelt ni ya kampuni ya ZAFFICO. Usiingie kimyakimya, nenda ofisi ya shamba mchana, sema mko wangapi, siku ngapi, na kwamba mnapika kwa gesi. Sentensi hiyo ya gesi inafungua mazungumzo kuliko nyingine yoyote. Wakikataa, shukuru, na uwe na mahali pa pili ulipopanga.

Miombo ya Lufira haina mpaka wa kuvuka, lakini ina wenyewe. Likasi iko kama kilomita 120 na barabara ni nzuri. Shida inaanza unapoiacha lami. Kila kipande cha pori kina kijiji, na kijiji kina shefu (chifu). Fikeni kabla ya saa tisa alasiri, mkubwa wenu atangulie: «Hodi, Mzee. Tunatoka Lubumbashi, tunaomba mahali pa kulala siku mbili.» Sukari, chumvi na sabuni vinatosha kama heshima. Akiwapa kijana wa kulala karibu nanyi, mkubali na mumlipe. Anajua njia ya viboko na nyasi za nani zitachomwa wiki hiyo. Ndani ya hifadhi ya Kundelungu, iliyoanzishwa mwaka 1970, ruhusa inatoka ICCN, taasisi ya serikali ya Kongo inayosimamia hifadhi, nayo inaombwa Lubumbashi kabla ya kuondoka.

Mvua ikianza

Kuanzia mwezi wa kumi na moja mchanga unaondoka kwenye orodha, umezama. Misonobari inakuwa na radi na upepo wa kuangusha miti, na barabara za shamba zinateleza. Inabaki miombo, mahali pa juu, kando ya kichuguu kikubwa, vile vya Katanga vinavyozidi kimo cha nyumba: ubavu wake hautuami maji. Chimba mtaro wa kina cha kiganja upande wa juu wa hema, na uangalie siafu kabla ya kulala.

Huo ndio wakati wa uyoga, na pori lote linanuka vizuri. Uyoga mnaoujua kutoka miombo ni wa miombo, na hata huko chumeni tu mkiwa na mama au mzee anayeuza barabarani msimu wote, kwa sababu miongoni mwa jamaa za ule mnaoula kila mwaka kuna unaoua. Unaoota chini ya misonobari uacheni, hata ukifanana na ule wa nyumbani kwa kila kitu: miti hiyo ilitoka bara jingine, na uyoga wake unaweza kuwa ulikuja nayo.